Tupeane uzoefu: ardhi ya kuzunguka nyumba na maji ya mvua yaliyotuingilia ndani

Wa Uyole: Ndugu zangu, jana imenyesha mvua ya kwanza ya Novemba, na nilipoona maji yamesimama kwenye ukuta wa jiko la jirani nikakumbuka yaliyonipata. Baada ya kupiga rangi ya mwisho niliona nyumba imekwisha, hela nayo ilikuwa imekwisha, kwa hiyo kifusi kilichobaki nilikisambaza mwenyewe kwa koleo bila kukishindilia. Kufika Machi udongo ulikuwa umetitia kando ya msingi, maji yakawa yanatuama humo, na plasta ya ndani ikaanza kubanduka vipande vipande. Naomba aliyepitia jambo hili aeleze, hasa sisi tunaojenga kwenye miteremko.

Wa Kihesa, Iringa: Kwangu ilikuwa hivyo hivyo, na mimi sikushindilia.

Mama wa Isanga: Kiwanja chetu kiko kwenye mteremko wa mlima Loleza hapa Mbeya, kwa hiyo tulikata udongo upande wa nyuma ili tupate pa kusimamisha nyumba, kisha tukajenga ukuta wa mawe wa kuzuia ule mkato, mrefu kunizidi kimo. Kati ya ukuta huo na mlango wa jiko ulibaki uchochoro wa hatua mbili, na ardhi yake iliinamia nyumba. Kiangazi chote hakuna aliyeliona hilo. Usiku mmoja wa Februari mvua ilianza saa tatu, na ilipofika saa saba mama mkwe wangu, aliyelala chumba cha nyuma, aliniita akisema, "Mwanangu, godoro limeloa." Niliposhusha miguu kitandani maji yalinifika kwenye vifundo. Nilifungua mlango wa jiko ili yatoke, kumbe nje ndiko yalikokuwa mengi. Yakaingia pamoja na matope na masufuria yakaanza kuelea. Tulimbeba mama hadi sebuleni, na hazijapita dakika tano tukasikia mshindo. Ukuta wa mawe ulikuwa umeangukia dirisha la chumba kile, na jiwe moja lilikuwa juu ya mto aliokuwa amelalia. Asubuhi mzee mmoja fundi mawe aliniuliza matundu ya kutolea maji yalikuwa wapi. Hatukuwa tumeacha hata moja, kwa hiyo maji yalijikusanya nyuma ya ukuta, udongo ukawa mzito, ukausukuma.

Wa Tukuyu: Pole sana, mama. Namshukuru Mungu kwamba bibi alitoka salama.

Wa Ilomba: Pole, dada. Mlipojenga upya mlifanyaje?

Mama wa Isanga: Tuliweka mabomba ya inchi 2 kila baada ya mita moja na nusu, nyuma yake tukajaza kokoto, na juu ya ukuta tukachimba mtaro unaoyakinga maji ya mlimani kabla hayajashuka. Uchochoro tuliumwagia zege linaloinamia upande wa ukuta wa mawe, si wa nyumba, na chini ya ukuta huo kuna mfereji unaotoka hadi barabarani.

Wa Ilomba: Mimi nashauri zege lizunguke nyumba nzima, mambo yaishe.

Wa Njombe: Kaka, hayaishi, yanahamia kwa wa chini yako. Jirani yangu wa juu alisakafia uwanja wote, na tangu hapo shamba langu la viazi linakatwa na korongo kila masika. Tulifika hadi kwa mwenyekiti wa mtaa.

Wa Ilomba: Kwani mvua nimeileta mimi? Maji lazima yashuke.

Wa Njombe: Yashuke kwa mfereji uliokubaliwa na majirani, yasishukie kwenye msingi wa mwenzako.

Wa Tukuyu: Huku kwetu mvua kwa mwaka huzidi milimita 2,000, kwa hiyo hesabu ya paa haikwepeki. Milimita 40 za mvua kwenye paa la mita za mraba 120 ni lita 4,800, na kama huna gata zote zinaangukia miguuni mwa ukuta. Mimi napeleka yangu kwenye migomba.

Wa Kihesa, Iringa: Migomba iwe mbali. Mke wangu alipanda maua yaliyogusa ukuta, akawa anayamwagilia kila jioni, na chumba cha watoto kikaota ukungu.

Fundi wa Mafinga: Wazee wangu, ardhi ya udongo ishuke angalau sentimita 15 ndani ya mita 3 kutoka ukutani, na zege lishuke sentimita 2 kwa kila mita. Shindilieni kifusi kwa tabaka za sentimita 15, kikiwa na unyevu kiasi. Msiamini macho, kwa sababu kwenye mteremko macho hudanganya. Chukueni mpira mweupe unaoonyesha maji ndani na vijiti viwili mpime, maana maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja.

Wa Uyole: Ahsante, fundi. Leo kabla ya kununua saruji nimemwaga ndoo tatu kando ya ukuta. Mbili zimeelekea barabarani, ya tatu imerudi kwenye kona ya choo, kwa hiyo kesho nitaanza kuchimba hapo.