Yule muuza buti wa hapa Chuga (Arusha), mnamjua, leo kanitukania pikipiki mbele za watu

Wakuu, salamu nitawapa nikishapoa.

Naandika huku helmeti iko kichwani, nimeshindwa hata kuivua kwa hasira. Yule jamaa wa buti, mwenye duka la kioo na spika mlangoni, anayemwambia kila mteja "hii imeingia jana kutoka Italia", amenitukania pikipiki. Angenitukana mimi ningemwelewa, nimezoea, nina mke na mashemeji. Kaitukana pikipiki. Imepaki zake nje, imezimwa, haijamkosea mtu.

Nimeingia kwa adabu zote. Nimemweleza naendesha kruza, pikipiki ya DragStar 400, miguu inakaa mbele, nataka buti ya ngozi inayopita kifundo cha mguu, soli isiyoteleza kwenye mafuta, zipu iwe upande wa ndani. Kamba za kuning'inia sitaki, maana kamba ikinasa kwenye pedeli ukiwa unasimama kwenye mataa, mguu hautui chini, na lile dude lina zaidi ya kilo 200, likiamua kulala linalala na wewe. Mteja gani anakuja anajua anachotaka namna hiyo? Muuzaji mwenye akili angenitolea kiti na soda.

Yeye akachungulia nje. Akaiangalia pikipiki kwa muda mrefu. Kisha akamwita kijana wake aliyekuwa stoo: "Dogo, njoo uone bodaboda mjamzito!"

Mjamzito, wakuu.

Kulikuwa na mama kamleta mwanawe kununua viatu vya shule. Yule mtoto akatoka hadi mlangoni, akaikagua kuanzia tenki mpaka ekzosi kama nesi wa zamu, akarudi ndani na kuuliza kwa sauti ya kujaza uwanja wa Sheikh Amri Abeid: "Mama, itazaa lini?"

Duka zima chini. Hata spika nadhani ilikata wimbo ili icheke.

Nikajikaza, nikashika buti aliyoniwekea mezani. Nikaikunja, ncha ikabusu kisigino. Nikabonyeza kifundoni, dole gumba likazama likatokea mtaa wa pili. Ndani wameweka boksi, naapa nimesoma maandishi ya biskuti. Nikamuuliza, ndugu yangu, hapa kifundoni pana kinga gani? Akanijibu, "Mzee, kifundo kinalindwa na Mungu, mimi nalinda bei." Bei yenyewe laki mbili na themanini. Nilipoguna akaniambia kama naogopa kuumia nikachukue gambuti kwa watu wa machinjio. Gambuti! Ekzosi zangu zote mbili zinapita kulia. Nikikaa foleni ya Mnara wa Saa dakika kumi na raba ile mguuni, nafika nyumbani nimeungana na pikipiki, tunaingia kitandani wote.

Lakini gambuti nimesamehe. La kifundo nimemwachia Mungu, si kalitaja mwenyewe. Mjamzito siwezi. Pikipiki imepanda meli kutoka Japani, imeteremka bandari ya Dar, imelipiwa ushuru mpaka nikauza mbuzi, halafu iitwe mjamzito na mtu aliyekuja kazini na kandambili?

Na hamjasikia bado. Nimetoka, nimeiwasha. Si mnajua silinda mbili zinavyowaka, kishindo cha taratibu, du-du, du-du. Nyuma yangu namsikia anatangaza:

"Uchungu umeanza!"

Sitaji jina. Mnamjua. Kama humjui, una bahati.

Mkoa huu hauna muuza buti mwenye heshima?

MBEGE BARIDI
Pole mkuu. Ana miezi mingapi?

CHALII WA MBAUDA
Hongera sana arifu. Kadi za mchango zitoke mapema basi, mwezi huu hali tete.

MAMA WAWILI
Kliniki ameanza lakini? Msije mkangoja mpaka mwisho, huko foleni ni ndefu.

MWENYE UZI
Nilijua tu. Mtu anakuja analia, mnamuuliza miezi. Sitawajibu.

MWENYE UZI
Na si mjamzito. Ni tenki la chozi. Kruza nyingi zina tenki la chozi.

MBEGE BARIDI
Ndiyo maana analia.

KIFAA CHA USA RIVER
Namjua huyo jamaa. Mimi alinambia miguu yangu ni saizi ya mtumbwi, nikalipie leseni ya uvuvi. Nilinunua hata hivyo. Alinipunguzia elfu tano.

FUNDI KIMYA
Tuache masihara kidogo, mleta mada ana hoja. Buti ya pikipiki haichaguliwi kwa kioo. Shika ncha kwa mkono mmoja na kisigino kwa mkono mwingine, inyonge. Ikinyongeka, rudisha. Pikipiki ikikulalia, kitu cha kuuokoa mguu usisagike ni ule ugumu wa soli kwa upande. Kisha tazama lebo ndani: buti iliyopimwa ina alama ya CE (ya viwango vya Ulaya), kijipicha cha mwendesha pikipiki na maandishi EN 13634, chini yake namba nne, kila moja ni 1 au 2. Ya kwanza ni urefu wa buti, ya pili kuhimili kusugua lami, ya tatu kuhimili kukatwa, ya nne ugumu wa upande. Ukiona 2 kote, hiyo ni buti. Jaribu jioni mguu ukiwa umevimba, na soksi nene, na ukae juu ya pikipiki, usisimame tu dukani. Miguu ya kruza iko mbele, kwa hiyo mvua ya masika yote inayorushwa na gurudumu inakupiga kwenye ugoko na kukuingia kwa juu. Shingo ya buti ikiwa fupi unafika na mabeseni mawili.

CHALII WA MBAUDA
EN 13634 ni namba ya nani? Nimepiga haipatikani.

MAMA WAWILI
Fundi Kimya leo kasema mengi kuliko mwaka mzima uliopita.

MWENYE UZI
Asante Fundi Kimya, wewe ni mtu. Wengine mtapata wajukuu wasiowasalimia. Mimi hayo yote nilitaka kumwambia yule jamaa, kwamba hata alama ya CE haina, lakini utamwambiaje mtu CE wakati mtoto wa watu anazunguka pikipiki anatafuta kichwa kitokee wapi?

MROMBO HALISI
Matatizo ya Arusha hayo. Njoo Moshi, Memorial pale au Kiboriloni, mtumba wa Mjerumani gredi ya kwanza, buti za pikipiki zenyewe, kinga za kifundo zimo, zipu zimo, na anayekuuzia anakuita mangi. Hutaitwa mjamzito.

DEREVA WA KIA
Mrombo usiwadanganye watu. Memorial hiyohiyo nilinunua buti inang'aa, haina hata mkwaruzo. Nimetoka Moshi na soli mbili, nimefika Boma Ng'ombe na moja. Nyingine imemomonyoka barabarani vipandevipande, nimesimama kwenye mataa kwa soksi.

FUNDI KIMYA
Hiyo ni soli ya povu ya zamani. Unyevu huila polepole hata buti ikikaa kabatini bila kuvaliwa, kwa hiyo "haijatumika" si sifa. Bonyeza kwa ukucha pembeni mwa soli. Ikimeguka, acha. Ngozi ikiwa nzima, fundi anaweza kukubadilishia soli ya raba. Na hapo hapo mwambie akushonee kipande cha ngozi juu ya kidole cha mguu wa kushoto, gia isikulie buti.

MROMBO HALISI
Ulinunua kwa nani? Maana pale Memorial kuna wageni kutoka Arusha wanatuharibia jina.

CHALII WA MBAUDA
Anza sasa.

JASHO LA MERERANI
Sisi huku migodini tunavaa buti za chuma mbele, jiwe likudondokee ucheke. Nilizijaribu kwenye pikipiki: ncha nene, haiingii chini ya gia, ukitaka kupandisha namba tatu unainua goti mpaka kidevuni. Nimetoka Mererani mpaka njia panda ya KIA na gia mbili. Watoto wa shule wamenipita na baiskeli.

OLE KATAMBUGA
Nyie mnahangaika. Katambuga. Pikipiki ina tairi, mguu una tairi, mkianguka mnabiringika pamoja. Mafuta haiogopi, maji haiogopi, kamba haina, zipu haina. Elfu chache tu soko la Kilombero.

MWENYE UZI
Na vidole?

OLE KATAMBUGA
Vidole vinalindwa na Mungu, mzee.

MAMA WAWILI
Nimeanguka na simu.

MWENYE UZI
Ole Katambuga, kumbe ni ndugu yake. Uongo?

MZEE WA MAGWANDA
Vijana, kuna mmoja atakuja hapa kuwaambia mnunue buti za jeshi mitumbani. Msithubutu. Raia kuvaa mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo ni kosa, mwaka 2023 jeshi lilitangaza yasalimishwe. Utasimamishwa Kisongo, utarudi pekupeku na uruke kichurachura. Mwenye uzi, nenda Moshi kwenye kiwanda cha ngozi cha Karanga, kaone buti za ngozi halisi za Kitanzania. Si za mashindano ya pikipiki, lakini si boksi la biskuti.

KIFAA CHA USA RIVER
Shikamoo mzee. Kichurachura umekitaja kwa uzoefu au?

MZEE WA MAGWANDA
Marahaba. Kaa kimya.

MWENYE UZI
Mzee shikamoo, asante sana, nitapita Karanga. Ila wakuu, bado sijalala. Kila nikifumba macho nasikia "uchungu umeanza". Asubuhi nimeiwasha pikipiki hapa nyumbani, shemeji yangu, ambaye sikumhadithia chochote, katoka na beseni la maji ya moto. Nani kamwambia?

MBEGE BARIDI
Mimi.

DADA WA NJIRO
Samahanini kuingilia. Nyie angalau mmetukaniwa vyombo. Mimi fundi wangu wa nguo, yule wa ghorofani, mnamjua na nyie, nilimpelekea kitenge cha sare wiki mbili kabla ya harusi. Juzi naenda kuchukua, ananipima upya kwa macho, anasema "dada umeongezeka, kitambaa hakikutosha". Halafu kijana wake amevaa kofia ya kitenge changu. Kofia, na mfuko wa simu, na bado anasema hakikutosha.

MAMA WAWILI
Yule wa ghorofani! Mwenye cherehani tatu na ahadi mia? Mimi alinipa gauni la mtu mwingine, akanishawishi kwamba ndilo langu, na nikalivaa kanisani, na mwenye gauni alikuwa benchi la nyuma yangu. Nimesali ibada nzima nikikodolewa mgongo.

DEREVA WA KIA
Mafundi wote baba yao mmoja. Wangu alivaa suti yangu msibani. Najuaje? Msiba ulikuwa wetu.

CHALII WA MBAUDA
Uongo huo bwana. Weka picha.

DEREVA WA KIA
Picha ipo, kabeba shada la maua, lebo ya bei inaning'inia mkononi.

MROMBO HALISI
Kwa suti njooni Moshi tu.

JASHO LA MERERANI
Moshi ipi? Huko huko nilikatwa suruali, mguu mmoja unaishia Moshi, mwingine Himo. Nilipolalamika akaniambia nisimame wima. Nilikuwa nimesimama wima.

DADA WA NJIRO
Sasa mwenzenu nifanyeje? Harusi Jumamosi, kitenge kimebaki kipande cha mita moja na nusu. Kuna fundi wa haraka asiye mwizi, Arusha au hata Tengeru?

OLE KATAMBUGA
Kwa mita moja na nusu jifunge lubega dada. Bila sindano, bila fundi, bila maneno.

MAMA WAWILI
Dada njoo inboksi, kuna mama mmoja Sakina anashona usiku, ila usimwambie nimekutuma mimi, namdai.

MWENYE UZI
Jamani, uzi huu ni wa buti.

DADA WA NJIRO
Kaka subiri kidogo, sisi tuna harusi Jumamosi.

KIFAA CHA USA RIVER
Harusi ya nani hiyo? Mbona mimi sijapata kadi?