Mnaouza "ziara ya ndege Pemba" ya siku moja, huyo bundi mnamwonesha saa ngapi?

Waungwana, uzi huu ni wa wenye kampuni za utalii na madalali wao wa mjini Unguja. Tangazo ni lile lile: eropleni ya asubuhi, teremka Chake Chake, gari mpaka msitu wa Ngezi, kaskazini ya Pemba, ukaone "ndege wanne wasiopatikana kwengine duniani", jioni umesharudi Unguja.

Hebu tuhesabu. Chozi wa Pemba yumo hata kwenye maua ya majumbani. Yule mdogo wa manjano mwenye duara jeupe jichoni naye yupo kisiwa kizima. Ninga wa Pemba, yule njiwa wa kijani, anataka kuamkiwa mapema, umtafute kwenye miti mirefu iliyozaa. Wa nne ni bundi, na ndiye anayemtoa mtu Ulaya. Sasa mgeni mnamfikisha Ngezi saa tano mchana, bundi aanze kulia giza likishaingia, na saa hizo mgeni wenu yuko uwanja wa ndege!

Baya zaidi, kiongozi akiona mgeni amenuna anatoa simu na spika, anapiga sauti ya bundi mchana kweupe, tena kwa kurudia. Bundi akisikia hivyo anadhani mwengine kaingia kwake. Ama anatoka kumtafuta adui asiyekuwepo, ama ananyamaza, na usiku wenye subira zao hawasikii kitu.

Safari ya haki ina usiku ndani yake, angalau mmoja, na miwili ndiyo salama kwa sababu mvua ikinyesha, usiku wa kwanza umekwisha: matone juu ya majani yanafunika sauti. Lala Konde, Wete au upande wa Kigomasha, si Mkoani kule kusini. Watu wa msitu waambiwe kabla, usiende kugonga mlango saa moja usiku. Saa kumi na mbili na nusu jioni muwe mmeshasimama, kimya, tochi zimezimwa. Sauti yake ni "hu" moja, kisha nyengine, na mara dume na jike hujibizana. Mkishajua mti, tochi yenye mwanga mwekundu, kidogo tu, kisha zima. Tena si lazima msituni: mikarafuu ya zamani iliyofunga majani nayo anakaa. Mwezi wa nne na wa tano msiuze kabisa, ni masika.

Halafu Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, wale ndege wa pwani. Mgeni anakunywa chai mjini, anafika saa nne asubuhi. Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, saa nne ndiyo maji yamekupwa kabisa! Ndege wametawanyika huko mbali, hata darubini ya 8x42 inaonesha vidoa tu, na jua la asubuhi linakupiga usoni kwa kuwa unatazama mashariki. Siku hizo hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi jioni. Fika saa nane, maji yanapanda na kuwasukuma ndege mpaka karibu yako, na jua liko mgongoni. Wavuvi wote wanalijua hili, muulizeni yeyote. Maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala hayakupwi sana, usijisumbue.

Na mla kaa, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, acheni kumwahidi mwezi wa sita na wa saba. Wengi wakati huo wako pwani za Arabuni, wanataga ndani ya mashimo waliyochimba mchangani. Muuzeni kuanzia mwezi wa kumi hadi wa tatu.

Kuna na tangazo limeweka Kidike kwenye orodha ya ndege. Kidike, kule Pemba, ni mahali pa popo, jamani. Popo ananyonyesha!

Anayeuza safari hizi aandike hapa chini mambo matatu: saa ya kufika Ngezi, mgeni analala wapi, na Chwaka anakwenda maji yakiwaje. Asiyejibu, msimpe amana.