Uzamili wa usafirishaji data salama na wa uhakika: nianzie wapi nikiwa Pemba?

Mtoto_wa_Jadida

Assalamu alaikum wanabaraza. Mimi ni fundi wa mitandao hapa Wete, nna shahada ya kwanza ya kompyuta. Nataka kusoma uzamili, na jambo linaloniwasha ni usafirishaji wa data: ifike, na ifike bila ya kuchezewa. Kila ninayemuuliza ananipa njia mbili. Ama usalama wa mitandao, ama uhandisi wa mawasiliano, eti vyote pamoja havisomeki.

Sababu yangu si ya vitabuni. Kazini tuna linki ya redio ya 5.8 GHz inayovuka maji hadi kisiwa kidogo, kama kilomita 7. Inatuchezea. Si mvua, si umeme. Nikaanza kuandika saa kwenye daftari, nikaona inafuata bahari. Cha ajabu, maji yakijaa kabisa iko sawa, yakipwa kabisa iko sawa, hapo katikati ndipo inapozimia. Siku za bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, inakatika kidogo inarudi. Maji mafu, yasipojaa wala kupwa sana, ndiyo balaa, inaweza kulegea asubuhi nzima. Juu ya hayo mkubwa wetu kaamuru VPN, inayosimba data njiani ili isisomwe, izimwe kwa kuwa "inakula spidi", na kweli ilipozimwa mambo yakachangamka. Mimi roho haijatulia, humo zinapita taarifa za watu.

Kuna uzamili unaoshika pande zote mbili? Hesabu nimeziacha tangu chuo, nitaziweza? Na lazima nihamie Bara? Nna watoto wa skuli.

Darajani_Boy

Kaka, soma usalama wa mitandao, chukua vyeti, basi. Kazi ziko huko. Nadharia za habari za yule Mmarekani Shannon utamfundishia nani Pemba? Hiyo linki ing'oeni mweke faiba, kelele zitakwisha.

Bi_Masafa

Wa alaikum salaam. Mimi mtoto wa Mkoani, uzamili wangu ni wa mawasiliano, sasa nipo kazini Unguja.

Darajani_Boy, faiba ya chini ya bahari kwa kisiwa chenye nyumba chache utalipa wewe? Na faiba nayo si mtume. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika siku moja, nchi nzima ikawa inatazama duara likizunguka kwenye simu.

Tuje kwako, mdogo wangu. Huo mgawanyo wa njia mbili umetoka kwa wapanga vitengo vya vyuo, somo lenyewe haliujui. Mwaka 1948 Shannon alionyesha kwamba kwenye njia yenye kelele unaweza kupeleka habari kwa makosa machache kadiri unavyotaka, alimradi usivuke uwezo wa njia hiyo. Mwaka 1949 mtu huyohuyo akachapisha nadharia ya usiri. Hesabu zilezile za uwezekano, mara hii anayepokea kelele ni mwizi.

Nikupe mfano wa wanaosoma upande mmoja. WEP, ulinzi wa mwanzo wa Wi-Fi, iliitegemea CRC, namba ya ukaguzi inayoambatana na ujumbe, ithibitishe kuwa ujumbe haukuguswa. CRC ni nzuri sana kukamata makosa ya bahati mbaya, ya radi, ya mawimbi dhaifu. Lakini ni hesabu iliyonyooka: ukijua biti unazotaka kugeuza, unajua pia CRC itabadilika vipi. Mwaka 2001 watafiti wakaonyesha kwamba mtu anaweza kubadilisha ujumbe uliosimbwa, akairekebisha na CRC yake, ufunguo hanao. Bahari haina nia mbaya, mwizi anayo. Aliyesoma makosa tu hawezi kulijua hilo.

Na aliyesoma usalama tu ndiye anayewasha VPN juu ya linki mbovu kisha akashangaa. Hapo kwenu nna shaka kosa si la usimbaji. VPN huongeza vichwa vyake, baiti makumi kadhaa kwa kila paketi. Paketi iliyokuwa na baiti 1,500 haipiti tena, inakatwa vipande viwili, na kikipotea kimoja chote bure. TCP, kanuni inayosimamia utumaji wa paketi, nayo ikiona zinapotea hudhani njia imesongamana, inapunguza mwendo. Punguzeni MTU ya VPN, yaani ukubwa wa juu wa paketi, anza na baiti 1,400, muiwashe tena. Mkubwa wako mwambie ni jaribio la spidi, ataridhika.

Hesabu utaziweza, lakini usiende mikono mitupu. Rudia uwezekano na matriki, halafu fildi za Galois. Jina linatisha, jambo lenyewe ni hesabu za kujumlisha na kuzidisha ndani ya namba 256 tu. AES, usimbaji unaotumika sana leo, hufanya kazi zake humo. Misimbo ya kurekebisha makosa ya Reed na Solomon ya mwaka 1960, inayofanya alama ya QR isomeke hata ikichafuka kama asilimia 30 kwenye kiwango chake cha juu, nayo ni humohumo. Ukijifunza mara moja umekula pande mbili.

Sasa niambie: dishi zenu ziko juu kiasi gani?

Mtoto_wa_Jadida

Allah akulipe, dada. Kutoka maji yakiwa yamekupwa kabisa, letu la Wete liko kama mita 20, la kisiwani kama 12. Ya MTU nitaijaribu kesho, sikuwahi kuifikiria.

Bi_Masafa

Basi sikiliza, hii ni raha. Mawimbi yanakufikia kwa njia mbili, moja kwa moja na kwa kugonga maji. Njia ya kugonga ni ndefu kidogo. Chukua kimo cha dishi moja, zidisha kwa cha pili, zidisha kwa 2, gawa kwa umbali. Maji yakiwa chini: 2 × 20 × 12 ÷ 7,000, ni sentimita 6.9. Urefu wa wimbi la 5.8 GHz ni karibu sentimita 5.2. Na maji ya bahari hulipindua wimbi linapogonga kwa pembe ndogo kama hiyo, kwa hivyo tofauti ikiwa sawa na wimbi zima, yale mawili hufutana.

Maji yakipanda mita 2, vimo vinakuwa 18 na 10. Piga: sentimita 5.1. Hapo ndipo linki yako inapozimia. Yakipanda hadi mita 4 tofauti inashuka hadi 3.7, uhai umerudi. Bamvua hupita kimo kile mbio mbio. Maji mafu yanapanda na kushuka kama mita moja tu, tena katikati palepale, ndiyo maana unakaa asubuhi nzima unailaani rauta.

Usishawishike kununua dishi kubwa zaidi, pembe baina ya njia hizo mbili haifiki hata nusu digrii, dishi litazipokea zote. Dawa ni dishi la pili kwenye mnara wenu wa Wete, mita 9 hivi chini ya la kwanza, moja likifutwa jengine linasikia. Na hapo ndipo uzamili wako ulipo. Sehemu mbovu unaijua saa yake kabla haijafika, kwa hivyo msimbo wa kurekebisha makosa unaweza kuongezewa nguvu kwa ratiba ya bahari, badala ya kulipia nguvu hiyo mchana kutwa. Kisha lete mwizi: ukituma paketi za ziada ili zilizopotea zijengwe upya, mtu akiingiza paketi moja ya uongo anaweza kuharibu fungu zima wakati wa kulijenga. Uthibitishe kila paketi kabla, au fungu zima baada ya? Kila jibu lina gharama yake, na gharama yenyewe hupimwa kwenye linki halisi. Unayo.

Darajani_Boy

Hayo ya maji sikuyajua. Lakini swali langu la ajira liko palepale.

Bi_Masafa

Ni haki yako kuuliza. Agosti 2024 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa viwango vya mwanzo vya usimbaji wa kukabili kompyuta za kwantamu, na Machi 2025 ikachagua njia nyengine iitwayo HQC, iliyojengwa juu ya misimbo ya kurekebisha makosa. Yaani makosa yanatiwa makusudi ili yafiche siri. Mtafiti McEliece aliwaza hivyo tangu 1978. Benki na serikali zitabadilisha mifumo, na mwenye kuelewa pande zote mbili hatakosa mlango wa kubisha.

Mtoto_wa_Jadida, kuhusu chuo usitazame jina la shahada, omba orodha ya masomo. Ukiona nadharia ya habari, misimbo na usimbaji kwenye orodha moja, hapo. Tawi la IIT Madras, chuo cha India, lililofunguliwa Bweleo, Unguja, mwaka 2023 lilianza na uzamili wa sayansi ya data na akili mnemba, si huu wako. Dar kuna Kijitonyama, kwenye ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kawaulize. Masomo ya darasani huenda yakakuhamisha kwa muda, hilo sikufichi. Utafiti ufanyie Wete, mshikilie msimamizi mpaka akubali kabla hujasaini kitu.

Mtoto_wa_Jadida

Nimekuelewa. Nguvu ya mawimbi rauta inaihifadhi yenyewe. Kimo cha maji nichukue kwenye jedwali la bandari ya Unguja?

Bi_Masafa

Hapana! Wete ina ghuba yake. Pigilia ubao wenye alama za sentimita kwenye nguzo ya gati, usome kila saa, upate bamvua na maji mafu zote. Omba ruhusa ya gati kwanza kwa maandishi, na joto la hewa liandike pia, kaskazi ikitulia hewa ya juu ya maji hupinda mawimbi na itakuvurugia hesabu. Ukishapata mwezi mmoja, nitumie nitazame.