Fundi kanifutia meli kwenye wembe wa babu na bado kanilipisha euro 90

Wakuu heshima kwenu. Naandika hasira ikiwa haijashuka, tangu Ijumaa jioni nimefungua kile kibahasha alichonirudishia fundi wembe hata chakula hakipiti vizuri, kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie.

Babu yangu mzaa mama alikuwa kinyozi Tanga. Alikuwa na wembe wa kukunja, ile ya zamani ya mpini, sio hii ya kubadilisha viwembe, na kwenye bapa lake kulikuwa na nakshi ya meli ya matanga, milingoti mitatu, mawimbi chini, maua pembeni, yote imepakwa dhahabu. Mpini pembe nyeusi ya mnyama, na babu kwa mkono wake alikwaruza jina lake kwa herufi za Kiarabu kwa sababu ndizo alizofundishwa chuoni. Shingoni umepigwa chapa Solingen na chini yake Germany. Mama kanikabidhi nilipokuja likizo, akaniambia wewe si unaishi huko ulikotoka huu wembe, basi kauangalie.

Na kweli naishi Wuppertal hapa Ujerumani, Solingen ni jirani kabisa. Kwa wasioujua, huo ndio mji wa visu na nyembe, wana mpaka makumbusho ya vyuma vya makali pale Gräfrath, mtaa wa mji huo huo, na jina Solingen lenyewe linalindwa na sheria tangu 1938, huwezi kulipiga kwenye kisu kilichotengenezwa kwingine. Nikasema wembe wa babu umerudi kwao, hapa hauwezi kuharibika. Nikapata fundi mtandaoni (simtaji, na sio mtu wa Solingen) picha zake zinang'aa balaa, nikamwandikia kabisa, nimeihifadhi meseji: toa kutu nyekundu tu, nakshi usiiguse, mpini usiubadilishe. Akajibu hakuna shida.

Jamani. Umerudi kama kioo. Unajiona sura. Meli HAIPO. Ukiinamisha kwenye taa unaona kivuli cha mlingoti mmoja basi, dhahabu imekwenda yote, maua yamekwenda, hata ile chapa ya Solingen imelika nusu. Mpini kaweka plastiki nyeupe, nilipomuuliza wa zamani uko wapi anasema ulikuwa na nyufa kautupa. KAUTUPA. Jina la babu lipo kwenye pipa la taka la mtu nisiyemjua!! Halafu ananiambia mteja unatakiwa ufurahi wembe umekuwa mpya. Hela kagoma kurudisha.

Sasa naomba nieleze ili asije mwingine akalia kama mimi, maana nimeona hata humu mtu akiuliza namna ya kusafisha nyembe za hivi anajibiwa kamata grainda, piga msasa, piga polishi, fasta tu. Hapana wakuu.

Nakshi ya kwenye wembe haikuchongwa kwa patasi. Walikuwa wanafunika chuma kwa kitu kisichopitisha asidi, wanaacha wazi pale tu penye mchoro, asidi inakula kidogo sana, halafu wembe wa bei wanauongezea utando wa dhahabu mwembamba mno. Yaani mchoro mzima unakaa kwenye ngozi ya juu ya chuma. Msasa namba 400 ukipita mara chache umeondoka na mchoro, na dhahabu haihitaji hata msasa, dawa ya kusugulia shaba na kitambaa inatosha kuimaliza. Ikishatoka imetoka, hakuna fundi wa kuirudisha ikawa ile ile.

Na gurudumu la kupolishi lina balaa la pili ambalo wengi hawalioni kwa macho. Hizi nyembe za Kijerumani zimechimbwa pande zote mbili mpaka kwenye makali chuma kimebaki chembamba kama karatasi, nyingine wameandika kabisa kwenye bapa "extra hohl", maana yake imechimbwa kupita kawaida. Chuma chembamba hivyo kikiguswa na gurudumu linalozunguka kwa kasi kinapata moto ndani ya sekunde, na chuma cha kaboni kikifika kama nyuzi 300 kinageuka rangi ya bluu. Ukiona bluu karibu na makali ujue ule ugumu umekwisha, utanoa leo kesho butu. Wa kwangu una doa la bluu kama kidole karibu na ncha, kwa hiyo hata ningesema nisamehe ya meli nibaki na wembe wa kunyolea, nao haupo.

Halafu mgongo. Wembe wa kukunja unaponolewa unalala kwenye jiwe mgongo na makali kwa pamoja, mgongo ndio unaopima pembe ya makali. Yeye kaupolishi mgongo mpaka umekuwa mviringo, upande mmoja mwembamba kuliko mwingine. Mtu anayejiita fundi wa nyembe hajui hilo kweli?

Kazi niliyoiomba ni ya taratibu na ningeifanya mwenyewe jikoni, kosa langu lilikuwa kuogopa. Unaweka mafuta mepesi ya mashine ya kushonea juu ya kutu unaacha usiku kucha, asubuhi unafuta kwa kitambaa laini cha pamba, palipogoma unakwangua polepole kwa kijiti cha mti, unarudia hata wiki nzima. Kwenye dhahabu ni maji ya vuguvugu, sabuni laini na ncha ya kidole, unakausha hapo hapo mpaka ndani kwenye ribiti, kile kipini kinachoshika wembe na mpini. Ile rangi nyeusi nyeusi ya uzee unaiacha, haili chuma, adui ni kutu nyekundu tu. Kilichoshachimbika kimechimbika, vishimo vikubaliwe.

Na nyie mnaoshauri kutoa kutu kwa ndimu na siki, hapana pia. Asidi inakula chuma kilichozunguka dhahabu, bapa linabaki kijivu na dhahabu inabanduka vipande. Mafuta ya nazi ya kufutia kila siku sawa, bibi alikuwa anafanya hivyo, ila kwa wembe unaowekwa kabatini miaka yanachacha na kugandamana, tumia mafuta ya mashine.

Wenye mpini wa seluloidi, ile plastiki ya zamani inayoigiza pembe za ndovu, angalieni sana. Ikizeeka inatoa hewa yenye asidi inayoozesha wembe ukiwa umefungwa, kutu inakuja pale pale unapolala ndani ya mpini, kwa hiyo hifadhini umefunguliwa, na msiipeleke karibu na moto inashika haraka mno. Lakini wa babu ulikuwa pembe! Pembe yenye nyufa inapakwa mafuta inaachwa inywe, haitupwi. Na hata ungekuwa umevunjika vipande viwili, unanirudishia vipande vyangu, ni mali ya mtu.

Kinachoniuma zaidi ni zile picha zake za kabla na baada. Nimerudi kuziangalia upya sasa najua cha kutafuta, kwenye picha za kabla unaona maua, unaona maandishi, kwenye za baada bapa tupu linang'aa na watu chini wanapiga makofi. Nyembe ngapi zimefutwa pale?

Nimemwandikia tena kwa maandishi kudai hela na mpini, nimempa siku 14, baada ya hapo naenda kwa watu wa haki za wateja. Mama bado sijamwambia. Nilimtumia picha moja tu kabla sijautuma, nayo ina ukungu.

Ombi langu kwenu, kama kuna mtu babu yake au mjomba wake alikuwa kinyozi na ana wembe wa Solingen wenye meli ya milingoti mitatu, naomba apige picha ya karibu upande wa bapa aniwekee hapa. Na tafadhali kabla ya kupiga picha usiufute.