Kubadili kebini ya Hilux LN106: sakafu imeliwa na kutu, nifanyeje?

Babu_Mshare (Moshi)

Habari za jioni wakuu. Nina Hilux LN106, injini aina ya 3L, nipo nayo tangu 2009. Niliinunua Tanga kwa mfanyabiashara wa samaki, na kosa lilianzia hapo. Maji ya barafu na chumvi yalikuwa yanachuruzika humo miaka yote, mimi nikaangalia injini tu.

Injini haina neno. Inashuka na ndizi kutoka Kibosho hadi Kiboriloni bila kukohoa. Chesisi nimeigonga nyundo mbele mpaka nyuma, inalia ngumu. Kilichokufa ni kebini. Jumamosi iliyopita mama watoto alivua kandambili njiani, tulipofika sokoni ikawa iko moja. Fundi bati ameshaziba tundu lile mara tatu; kila akichomelea, bati linakatika pembeni kwa kuwa hakuna chuma kizima cha kulishika.

Sasa nimepata kebini Unga Limited, Arusha, imetoka kwenye LN85 iliyokufa injini. Milioni mbili na laki mbili, milango na vioo vipo, ila nyaya za dashibodi zimekatwa kwa kisu. Muuzaji anasema "inakaa moja kwa moja". Je, ni kweli? Na kwenye kadi inakuwaje? Nyumbani nina mti mkubwa wa mringaringa wa kuninginizia, na winchi ya mnyororo ya kuazima. Nawasilisha.

chalii_sakina

Shikamoo mzee. Uza hiyo chuma, ongeza hela kidogo uchukue Noah.

Babu_Mshare

Marahaba. Njoo na hiyo Noah Kibosho mwezi wa nne, mimi nitakuja na kamba ya kukuvuta.

Spana14 (Arusha)

Mangi, pole. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye gereji za hapa zinazokata na kurefusha Land Cruiser za watalii, kwa hiyo kebini nimezishusha nyingi. Muuzaji hajadanganya sana, lakini kuna kitu hajakwambia. LN85 ni tuwili, inasukumwa na tairi mbili tu, na yako ni foo-wili, ya tairi zote nne; sakafu ya LN85 haina tundu la ile gia fupi ya foo-wili. Usiikimbilie kebini yako ya zamani na kuiuza skrepa. Kata kipande cha sakafu kinachozunguka tundu hilo kama bado ni kizima, ukipandikize kwenye mpya kabla hujaipandisha. Ukishaifunga ndipo ukumbuke, utachomelea umelala chali chini ya gari.

Nyaya zilizokatwa zisikutie presha. Tumia zako. Toa mkanda wako wote wa nyaya na dashibodi yako, kila soketi uiandikie kwenye selotepu ya karatasi, halafu piga picha kwa simu. Fundi umeme atakayekwambia "nitakumbuka tu", mlipe nauli aondoke.

Bolti za kebini anza kuzilowesha wiki nzima kabla. Kwenye gari la Tanga kuna nati zitazunguka bure ndani ya boksi lake. Hizo ni grenda tu. Raba za chini nunua mpya. Kuna watu wanakata tairi kuukuu, kebini inakaa upande, milango inagoma na stelingi inakuwa nzito. Paipu za breki tumia spana ya paipu, siyo plaizi, na mafuta ya breki yasidondokee rangi mpya, yanaibabua.

Winchi yako inatosha. Toa milango, viti na kioo cha mbele, pitisha bomba milangoni, funga mnyororo. Ila ya zamani chomelea kwanza nondo ya kukingama kila mlango, la sivyo ikinyanyuliwa itakunjika kama boksi la mche wa sabuni.

Dada_Kadi

Kuhusu karatasi: namba ya chesisi imegongwa kwenye chesisi yenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Hiyo haihami, gari linabaki lako. Lakini kebini inakuja na kibati chake, chenye namba ya gari jingine. Usikibandue kienyeji, utaonekana mwizi. Dai mkataba wa mauziano na nakala ya kadi ya lile gari, kisha uwaone polisi wa usalama barabarani mapema. Rangi ikibadilika, nenda TRA ibadilishwe kwenye kadi pia. Muuzaji akikosa nakala ya kadi, achana na hiyo kebini hata kama ni ya dhahabu.

Babu_Mshare (wiki saba baadaye)

Wakuu, imepanda. Nakala ya kadi ilichukua siku tisa, kazi ya kushusha na kupandisha siku nne. Bolti mbili zilizunguka kama alivyosema Spana14. Kushusha tulikuwa wanaume sita na mringaringa.

Aibu yangu ni hii. Siku ya kuwasha, napiga stata, injini inavuta kichovu, mara naona moshi kwenye pedeli ya mafuta. Waya wa akselereta ulikuwa wa moto haushikiki, plastiki yake imeyeyuka. Kijana wa fundi umeme akacheka mpaka akakaa chini: tulisahau kufunga ethi ya injini, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye betri, umeme wote wa stata ukapita kwenye ule waya mwembamba. Nimenunua mwingine.

Breki na klachi tumetoa hewa, foo-wili inaingia, mvua ya jana haikupenya. Kimebaki kimoja: geji ya mafuta inasoma nusu hata nikijaza tangi. Ni ethi tena au boya la kupimia mafuta ndani ya tangi?

Spana14

Anza na ethi ya kwenye tangi, isugue kwa msasa. Ikigoma ndipo ushushe boya.

chalii_sakina

Mzee, hiyo kandambili iliyobaki bado ipo? Mimi nina ya kushoto.

Babu_Mshare

Ni ya kulia. Mama watoto anasema lete.