Chokoleti na maziwa vipimwe madini ya risasi kabla ya kuuzwa, au tunatishana tu?

Mtotowapwani: Wale Consumer Reports, shirika la kutetea walaji la Marekani, walipima chokoleti nyeusi ishirini na kitu, zote zikakutwa na risasi na kadimiamu, metali zenye sumu. Kwa nini hapa Bongo kila toleo linalotoka kiwandani lisipimwe, kipimo kikaandikwa kwenye pakiti? Na maziwa pia. Ingawa najua wenzetu wa Kyela wanaoanika kakao barabarani hawatapenda.

Mwana_Kyela: Barabarani umeniona mimi? Naanika juu ya vichanja, napeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika, inaingia ghalani. Usituchafulie zao.

Daktari Feki: Zilikuwa 28, Desemba 2022. Zilizovuka kikomo ni 23, tena kwa viwango vya California: risasi mikrogramu 0.5 kwa siku, kadimiamu 4.1, ukila aunsi moja (kama gramu 28) kila siku. Nani humu anakula chokoleti nyeusi kila siku?

Mama Ntilie wa Tabata: Kwa bei ile? 😂

Mtotowapwani: @Mwana_Kyela sijakutaja wewe. Nimepita huko, nimeona maturubai pembeni ya lami.

Mwana_Kyela: Umepita ukiwa ndani ya basi, mkuu. Halafu kadimiamu mti unaivuta kwa mizizi toka kwenye udongo. Waulize wakulima wa Ekwado.

Kibonge_Mwepesi: Kadimiamu sawa. Risasi je? Hiyo inadandia baada ya kuvuna, vumbi linanasa kwenye punje zikiwa bado na ute. Turubai lina kesi ya kujibu.

Mwana_Kyela: Na wewe ni bwana shamba wa wapi?

Kibonge_Mwepesi: Wa maabara. Kile kifaa cha kupima metali, cha kushika mkononi kama bastola, hakiwezi kuona viwango vidogo hivi. Unayeyusha sampuli kwa asidi ya naitriki, unaipitisha kwenye plazma, yaani gesi yenye joto kali sana, na pembeni unapima asidi tupu isiyo na chokoleti, maana vumbi la chumbani tu linakudanganya. Maziwa ndiyo balaa, Codex, wale wa viwango vya chakula vya kimataifa, wanataka risasi isizidi miligramu 0.02 kwa kilo. Kila toleo? Nani analipa?

Mama Ntilie wa Tabata: Mie maziwa naletewa kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi. Hiyo anaipima nani?

Daktari Feki: Ndoo ya RANGI? Dada, na wateja unawapikia chai?

Mama Ntilie wa Tabata: Imeoshwa! Hujawahi kula kwangu, nyamaza.

Mwana_Kyela: Chai ya ndoo ya rangi mnakunywa, wa kuumbuliwa ni mimi.

Mtotowapwani: Weka picha ya hivyo vichanja basi.