Wabunifu wa skrini za manowari, nani aliwadanganya kuwa chumba cha operesheni ni simu ya mkononi?

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nimetoka kwenye kikao cha kupitia kiolesura kipya, yaani mpangilio wa skrini, cha mfumo wa kuongozea manowari. Kila nikipinga jambo, jibu ni lilelile: "Tumepunguza msongamano kwenye skrini." Mmepunguza nini? Mmeuondoa mwinuko wa ndege mkauficha ndani ya menyu. Eti anayeutaka ataugusa mara mbili.

Hivi hawa watu hawajasikia habari za USS Vincennes? Julai 3, 1988, meli hiyo ya Marekani iliitungua ndege ya abiria ya Iran Air, wakafa wote 290. Rada haikukosea. Kumbukumbu za Aegis, mfumo wa rada na silaha wa meli hiyo, zilionyesha ndege inapanda. Ila skrini kubwa alizozitazama kamanda hazikuwa na mwinuko. Tarakimu zilikaa kwenye kiskrini kidogo, na kujua kama ndege inapanda au inashuka mtu alipaswa kukokotoa kichwani, huku meli ikipigana na boti za Iran. Mabaharia wakapaza sauti kwamba inashuka, yaani inakuja kuwashambulia. Na tarakimu sahihi zilikuwa humo humo chumbani!

Bwana mmoja akanikata kauli: hayo ya zamani, siku hizi tunagusa.

Haya, tuje kwenye kugusa. Agosti 21, 2017, karibu na Mlango-bahari wa Singapore, kamanda wa USS John S. McCain, manowari nyingine ya Marekani, aliona mshika usukani amezidiwa. Akaamuru kazi igawanywe: huyu abaki na usukani, mwenzake achukue kasi ya injini. Katika kuhamisha, usukani nao ukahamia kwa huyo mwenzake bila mtu kutambua. Mshika usukani akalia kwamba usukani umekufa. Umekufa wapi, uko kwa jirani yake! Yule wa pili akapunguza kasi akidhani anapunguza ya propela zote mbili, kumbe kwenye skrini hazikuwa zimeunganishwa, ikapungua ya kushoto peke yake. Meli ikavuta kushoto hadi mbele ya meli ya mafuta, Alnic MC, zikagongana. Yote hayo ndani ya dakika kama tatu. Mabaharia 10 wakafa. Mwaka 2019 jeshi la majini la Marekani likatangaza kwamba linarudisha mikono ya kushika ya kuongozea kasi badala ya vioo vya kugusa.

Mimi sina ugomvi na vioo vya kugusa, vitumieni kupangia ratiba za zamu. Ninachodai ni kila kituo kiandike waziwazi, muda wote, nani ameshika usukani na nani ameshika injini ipi. Nimelisema hili mara tatu. Mara ya tatu nikaambiwa litaharibu "mwonekano".

Alama za meli na ndege kwenye skrini nazo wamezibadilisha. Kawaida adui ni almasi nyekundu na asiye na upande ni mraba wa kijani, umbo na rangi vikisaidiana. Wao wamefuta maumbo, zimebaki nukta za rangi. Asiyetofautisha nyekundu na kijani, na wanaume wa hivyo si wachache, afanyeje? Abahatishe?

Jioni hii wametuma picha za toleo lililorekebishwa. Usuli mweupe pee, wa kutumika kwenye chumba cha giza, zamu ya saa nane usiku.